Swala Hasubiri Shata

Kuna watu wengi sana wanaoniambia kamera yao mbovu. Wananionesha picha ya mkia wa pundamilia unaishia pembeni, au nyasi tupu kabisa, alafu wanasema hapa alikuwepo swala anaruka, nilibonyeza pale pale, sijui kaenda wapi. Mi huwa nawajibu kamera yako nzima, imechelewa tu, na kuchelewa kwenyewe kuna sababu zinazojulikana na nyingi unaweza kuziondoa bila kununua kitu. Ndo maana leo naandika kwa kirefu, maana inaniuma kweli mtu katoka Dar mpaka Mikumi, kalipa kiingilio, kalipa gari, kaamka usiku wa manane, alafu anarudi na picha za migongo.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kamera. Ukibonyeza kile kitufe shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka kuingiza mwanga wa picha, haifunguki saa hiyohiyo. Kamera inaanza kutafuta fokasi, yaani inapanga lenzi ili unachokipiga kitoke safi, inapima mwanga, inapanga rangi, kama flashi imewashwa inarusha kwanza mwanga mdogo wa kupimia, kama ni DSLR, zile kamera kubwa za kubadilisha lenzi, inanyanyua kile kioo cha ndani, ndo shata inafunguka sasa. Kwenye zile kamera ndogo za mfukoni za miaka ya 2000, ambazo bado zimejaa kwenye madroo ya watu na siku hizi vijana wamezirudia kwa kasi, mlolongo wote huo unaweza kula nusu sekunde mpaka sekunde nzima. Na anayekula muda mwingi kuliko wote ni fokasi. Ukiitoa fokasi kwenye hesabu, kamera ileile iliyokuwa inakula sekunde nzima inabaki na kama sekunde 0.1 hivi. DSLR nyingi fokasi ikiwa tayari zinacheza kati ya sekunde 0.05 na 0.1.

Alafu jumlisha na wewe mwenyewe. Jicho lione, ubongo uamue, kidole kishuke, hiyo ni karibu robo sekunde na hapo uko macho kabisa hujachoka na safari. Swala pala akikimbia kilomita 60 kwa saa anakata mita 16 na ushee kila sekunde, kwahiyo robo yako ukijumlisha na nusu ya kamera ameshasogea mita 12. Lenzi ya 300mm, ya kuvuta vitu vya mbali, kwenye kamera ya fulfremu, ile yenye sensa kubwa ya kupokea picha, mnyama akiwa mita 50 kutoka kwenye gari, upana wa picha yako yote ni mita 6 tu. Yaani ametoka nje ya picha na akatoka tena. Sasa hapo unailaumu kamera kwa lipi.

Kabla hujabadilisha setingi yoyote ipime kwanza kamera yako. Fungua stopwochi kwenye simu, isimamishe mezani mahali penye mwanga, ielekeze kamera, alafu bonyeza namba zinapofika sekunde 5 kamili. Usisubiri uione 5 ndo ubonyeze, hesabu nayo tatu, nne, tano, kidole kishuke pamoja na tano, kwa njia hiyo ile robo sekunde ya ubongo wako inapungua sana kwenye hesabu. Angalia picha imeandika ngapi. Ikiandika 5.6 basi kamera yako inakula kama sekunde 0.6. Rudia mara kadhaa uone wastani. Alafu rudia tena lakini safari hii bonyeza kitufe nusu kwanza, subiri kile kijisanduku cha kijani au ule mlio, kishikilie hapohapo, ikifika tano malizia kubonyeza. Tofauti utakayoiona kati ya hizo namba mbili ndo fokasi na kupima mwanga. Kwa wengi ni tofauti kubwa mno na wanashangaa kwamba miaka yote hiyo walikuwa na kamera ya haraka mkononi.

Kwahiyo kubonyeza nusu ndo dawa ya kwanza na ni ya bure. Mnyama bado ametulia, wewe ushaweka fokasi, kidole kimekaa nusu, unasubiri. Tatizo linakuja pale mnyama anapokuwa anasogea kuja kwako au kuondoka, maana fokasi uliyoifunga imebaki pale alipokuwa. Hapo kama kamera yako ina fokasi endelevu, ile inayoandikwa AF-C kwenye Nikon na Sony au AI Servo kwenye Canon, iwashe ukiwa porini, uizime tu pale unapotaka kufunga fokasi sehemu moja. Inaendelea kumfuata muda wote kidole kiko nusu. Na kama kamera inaruhusu kuhamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha dole gumba fanya hivyo, kidole cha juu kinabaki na kazi moja tu ya kupiga. Siku mbili tatu za mwanzo mkono utakukataa, ukizoea hutaki tena kurudi.

Kwenye kamera ndogo zisizo na hayo mambo kuna kitu watu wanakipita kila siku, ile alama ya mlima. Zipo nyingi zenye kitufe cha ua kwa vitu vya karibu na mlima kwa vitu vya mbali. Ukichagua mlima, kamera inaacha kabisa kutafuta fokasi, inaiweka mbali moja kwa moja, na kwa sababu sensa za kamera hizi ni ndogo sana kila kitu kuanzia mita chache mbele mpaka kule kwenye milima kinatoka safi, hasa kama hujavuta zuum. Twiga wa mita 30 anatoka vizuri tu. Nimeona kamera ya kizamani kabisa ikipiga nyani wakirukiana kando ya lami pale Mikumi, picha kali, kisa mlima.

Flashi izime. Zima pia ile ya kuondoa macho mekundu, hiyo ndo mbaya zaidi, inawaka waka kwanza alafu inasubiri ndo ipige, na mchana porini haikusaidii chochote maana mwanga wake haufiki huko aliko mnyama. Zima na ile ya kuonesha picha kila ukimaliza kupiga. Kuna kamera skrini inaganda sekunde mbili ikikuonesha ulichopiga wakati mnyama anaendelea na shughuli zake. Na usiiache ilale, weka muda mrefu kabla ya kujizima au kila baada ya muda gusa kitufe nusu iamke, maana kamera ya mfukoni ikilala lenzi inaingia ndani na ikiamka inatoka tena polepole, simba keshageuka. Hii inakula betri, beba ya ziada.

Kitu kingine ni skrini yenyewe. Kwenye kamera nyingi za zamani unachokiona kwenye skrini kimeshapita kidogo, na inapotafuta fokasi inaweza kuganda kabisa. Kama kamera yako ina kile kitundu cha kuchungulia juu ya lenzi kitumie, pale unaona moja kwa moja bila kupitia umeme wowote. Miralesi za siku hizi, yaani kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kile kioo cha ndani, hazina shida kubwa hapo.

Sasa tuje kwenye ile robo sekunde ya kwako, hiyo haina setingi. Hiyo unaiondoa kwa kujua mnyama atafanya nini kabla hajafanya. Mi nilifundishwa na dereva mmoja mzee wa Mikumi ambaye hajawahi kumiliki kamera. Nilikuwa nimekazana na skrini, yeye kazima gari, kakaa kimya, akaniambia "Mwanangu, hiyo ishushe kwanza. Angalia masikio. Miguu inafuata masikio." Nikamwuliza masikio ya nani mzee, akasema "Ya wote, wakielekea upande mmoja jua kuna kitu." Kundi la swala pala lilikuwa linakula, vichwa chini, alafu kichwa kimoja kikanyanyuka, kingine, masikio yote yakaelekea upande wa korongo. Nikaweka fokasi, kidole nusu. Zile sekunde chache kabla hawajaondoka ni nyingi sana ukizitumia.

Na swala wana tabia moja nzuri kwa mpiga picha. Wakivuka barabara au mfereji, wa kwanza akiruka mahali, wanaomfuata mara nyingi wanarukia palepale. Kwahiyo wa kwanza mwache aende. Weka fokasi kwenye ardhi pale aliporukia, ifunge, usiiguse tena, na wa pili au wa tatu akikunja miguu ya nyuma bonyeza wakati anakunja, usisubiri awe hewani. Akiwa hewani ndo shata inafunguka. Swala pala anaweza kuruka juu karibu mita 3 na kwa urefu mita 9 au zaidi, anakaa hewani muda wa kutosha kabisa.

Ndege nao wanatoa taarifa. Ndege mkubwa aliyekaa kwenye mti, tai au mwewe, mara nyingi kabla ya kuruka anajisaidia, alafu anainama mbele kidogo, miguu inakunja. Na anaondoka akielekea upepo unakotoka, kwahiyo ukijua upepo unatoka wapi unajua atatokea upande gani wa picha na unamwachia nafasi upande huo. Yule mdiria mweusi na mweupe anayening'inia hewani juu ya maji ni zawadi kabisa, mabawa yanapiga kwa kasi lakini kichwa kimetulia mahali pamoja, una muda wa kufokasi, akifunga mabawa anashuka, hapo ndo unabonyeza.

Kiboko akipiga mwayo mmoja usihangaike nao, umeshauchelewa, ila baki naye maana mara nyingi unafuata mwingine. Akizama hesabu dakika, baada ya dakika tatu mpaka tano hivi anarudi juu, na akitokeza tu anapuliza na kutikisa masikio maji yanaruka, hiyo ndo picha. Simba waliolala wakianza kupiga miayo jioni, mmoja akifuatiwa na mwingine, mara nyingi wanakaribia kuamka, usimwambie dereva tuondoke. Ngiri akinyanyua mkia kama antena anakimbia, lakini hakimbii moja kwa moja, mara nyingi anasimama mbele kidogo na kugeuka kukuangalia, subiri hapo. Pundamilia akilaza masikio nyuma anataka kung'ata au kupiga teke. Twiga anayekunywa maji, miguu imetanuka, anaonekana kama hatamaliza leo, lakini kichwa kinarudi juu ghafla na kinaacha upinde wa maji, kwahiyo kaa kidole nusu muda wote na uache nafasi juu, wengi wanakata kichwa. Tembo akitanua masikio na kunyanyua kichwa anakuangalia wewe, hapo msikilize dereva sio kamera.

Kupiga mfululizo kunasaidia ila kusikufanye uwe mvivu. Kamera ikipiga picha 5 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine kuna sekunde 0.2, na mambo mengi yanatokea humo katikati. Pia bafa, ile memori ya muda ya ndani ya kamera, inajaa. Ukianza kumwaga mapema, wakati anaruka kamera inakuandikia subiri, bado inahifadhi. Anza mfululizo ule muda uliosoma dalili, piga kidogo, achia. Kadi ya memori yenye kasi ya kuandika inasaidia sana hapa na ni rahisi kuliko kubadilisha kamera. Kasi ya shata weka 1/1000 ya sekunde au zaidi kwa anayekimbia, ndege anayeruka 1/2000 kama mwanga upo, ISO, ile setingi ya kamera kuhisi mwanga zaidi, ipande tu, picha yenye chenga unaweza kuivumilia kuliko picha ya ukungu. Isipokuwa kama unataka ule mtindo wa mnyama kuonekana na nyuma yake kumevutika mistari, hapo shuka mpaka 1/60, mfuate kwa mwili mzima kuanzia kiunoni, bonyeza ukiwa unaendelea kuzunguka na usisimame baada ya kubonyeza. Huo mtindo una faida kubwa kwa kamera inayochelewa, maana kama unamfuata kwa kasi yake basi hata shata ikichelewa bado yuko katikati ya picha. Gari lazima lizimwe, injini inatikisa, na dirishani weka mfuko mdogo wa mchele au maharage ulaze lenzi juu yake.

Wenye simu, ambao ndo wengi, nyie mna bahati msiyoijua. Simu nyingi za sasa programu ya kamera ikiwa wazi inapiga picha muda wote na kuziweka kwa muda kwenye memori, ukibonyeza inachukua ile iliyo karibu na muda uliobonyeza. Kwenye mwanga mzuri kuchelewa hakuonekani kabisa. Kunarudi jioni, simu ikijiweka kwenye setingi ya usiku inabidi ikusanye mwanga, basi mnyama anatoka mzimu. Kitu kingine, simu kadhaa zinapiga kidole kinapoachia kitufe, sio kinapogusa, ipime ya kwako kwa ile njia ya stopwochi, na kama ni hivyo weka kidole mapema ukishikilie alafu uachie muda ukifika, ila angalia isije ikawa kwako kushikilia kunaanzisha video. Wenye iPhone kuanzia 6s ya 2015 mna Live Photo, inashika sekunde 1.5 kabla na 1.5 baada ya kubonyeza, na ukienda kuhariri unaweza kuchagua sekunde nyingine iwe ndo picha. Na njia ya mwisho ya simu ni video ya 4K, kila fremu yake ina megapikseli 8 hivi, fremu 30 kwa sekunde, jua likiwa kali unatoa fremu moja safi ya kuchapisha saizi ya kawaida. Sioni aibu kuitumia na wewe usione.

Hili suala la kuchelewa ni la siku nyingi na wa zamani walilitatua kwa akili ambayo mimi naiheshimu sana. Mwezi Juni 1878 kule Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari pembeni ya njia ya farasi wa tajiri Leland Stanford, akavusha nyuzi njiani, farasi akipita anakata uzi na kamera ya pale inapiga. Hakuna kidole cha mtu hapo. Ndo ikathibitika kwamba farasi akikimbia kuna muda miguu yote minne iko hewani. Na hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga wanyama usiku maeneo ya karibu na Kilimanjaro kwa kutega waya na baruti ya magnesiamu, simba mwenyewe anakuja anagusa waya anajipiga picha. Kamera za kutegwa za leo zinafanya kazi hiyohiyo ila zinahisi joto na mwendo. Serengeti watafiti walitega 225 kuanzia 2010, na hata hizo zinatoa picha nyingi mno za nyasi tupu, kwahiyo wewe mwenye nyasi zako usijisikie peke yako.

Mwisho wa huo mnyororo ni kamera zinazopiga kabla hujabonyeza. Olympus waliweka kwenye E-M1 Mark II ya 2016, wanaiita Pro Capture, ukibonyeza nusu inaanza kuhifadhi picha na kuzifuta, ukimalizia kubonyeza inakupa na zile za nyuma. Sony A9 III iliyotangazwa Novemba 2023 inafika picha 120 kwa sekunde na ina hiyo kitu pia. Hii inaondoa hata ile robo ya ubongo wako, na kwa ndege anayeondoka kwenye tawi sijaona kitu cha kuifikia. Lakini bei yake kwa mwananchi wa kawaida ni kiwanja, na bado inabidi fokasi iwe juu ya ndege na uwe umebonyeza nusu kabla hajaondoka, maana yake uwe umeshajua anaondoka. Mimi ningekuwa na hela kidogo ningechukua miralesi iliyotumika yenye fokasi endelevu nzuri, kadi ya kasi, na hela inayobaki niende porini mara nyingi zaidi.

Ila usisubiri kwenda porini kujifunza. Kwa wa Dar nenda soko la samaki Feri asubuhi. Kuna kunguru wa kutosha na kuna mwewe wanaozunguka juu ya maji na kushuka kuokota mabaki ya samaki, hawaogopi watu, hawalipishi, na wanarudia kitendo kilekile tena na tena mpaka mkono unaelewa. Mwewe anazunguka, anageuza mkia kushoto kulia, anatulia kidogo, anashuka, wewe bonyeza pale anapotulia. Simama jua likiwa mgongoni kwako, 1/2000, fokasi endelevu, kituo kimoja cha fokasi cha katikati. Mkanda wa kamera uwe shingoni muda wote, pana watu wengi pale. Na wavuvi na kina mama wanaokaanga samaki usiwaelekezee lenzi kabla hujawasalimia na kuomba, waambie unapiga ndege, wakishajua watakuonesha wenyewe wanakomwaga mabaki na saa ngapi.